Nusu sekunde

Tangu nianze kusomea usalama wa mitandao, habari za udukuzi ndizo ninazofungua asubuhi, hata kabla ya chai. Iliyonigusa kuliko zote ni ya Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa programu, aliona kuingia kwenye kompyuta kwa SSH, njia salama ya kuifikia kompyuta iliyo mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde tu! Hakupuuza. Akachimba, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeuficha, akijiita Jia Tan, alikuwa ameaminiwa na wenzake baada ya kuchangia kazi kwa zaidi ya miaka miwili. Hilo linaniuma.

Jana kompyuta yangu ya mazoezi ilisita kidogo kuitikia. Zamani ningepita tu. Nimekesha na logi zake, yaani kumbukumbu za matukio yake, mpaka saa nane usiku, mstari kwa mstari.