Bili ya klasta: jinsi nilivyojua nani anatumia nini

Ofisi yetu iko Milimani, Kisumu. Kila mwisho wa mwezi bili ya wingu, yaani kompyuta tunazokodi mtandaoni, ilikuja kwa dola, jumla moja tu, na timu tatu zinatazamana. Klasta, yaani kundi la kompyuta zinazoendeshwa pamoja na programu ya Kubernetes, ni moja. Nani alipe ngapi?

Nilianza na lebo: podi (kifurushi cha programu kinachoendeshwa ndani ya klasta) isiyo na jina la timu inakataliwa. Kisha nikaweka OpenCost, zana ya kuhesabu gharama, juu ya Prometheus, inayokusanya vipimo vya matumizi. Hapo nikaiona podi ya ripoti: imeomba itengewe CPU (vichakato vya kompyuta) 4, inatumia 0.3. OpenCost huhesabu kilicho kikubwa kati ya ulichoomba na ulichotumia, na naona ni haki kabisa. Kiti cha matatu ulichoshikia mtu hakikaliwi na mwingine. Tukashusha ombi hadi 0.5. Nodi moja, yaani kompyuta moja ya klasta, ikabaki tupu, tukaizima siku hiyo hiyo.