Siku moja na ndoo zangu za asumini Michenzani

Saa 11 alfajiri

Huku ghorofa ya nne maji hupanda usiku, majirani wa chini wakiwa wamelala. Kukipambazuka, kila mtu akifungua mfereji wake, wetu unabaki kukoroma tu. Kwa hiyo nikishaswali alfajiri sirudi kitandani. Najaza madumu manne: mawili ya kupikia na kuoga, mawili ya roshani. Maji niliyooshea mchele nayo nayaweka kando, kwani yanakwenda huko huko.

Majumba haya marefu ya Michenzani, mjini Unguja, yalianza kujengwa enzi za Mzee Karume, kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Shamba hayana, lakini jua yanalo. Roshani yangu inatazama mashariki, na asumini anataka jua la asubuhi mpaka karibu na adhuhuri. Kama yako inapata saa mbili tu za jua, panda mnanaa. Asumini atakupa majani tu.

Saa 12 na nusu

Nina vyombo 14. Tisa ni ndoo za rangi za lita 20, vinne ni madumu ya mafuta niliyoyakata ubavuni, na kimoja ni sufuria ya marehemu mama iliyotoboka kitako, humo mna mrehani. Asumini zote zimo ndooni.

Kabla ya kumwagia natia kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili. Kikitoka na unyevu, ndoo hiyo naipita. Sasa hivi ni kaskazi, jua kali na upepo mkavu, na ndoo niliyoinywesha asubuhi jioni inakuwa nyepesi. Mti wa ardhini hutuma mizizi kwenda kutafuta maji. Huu wa ndooni hauna pa kwenda, unanisubiri mimi, na hilo linanifanya hata safari ya kulala Makunduchi niipange mara mbili.

Nikimaliza namwaga maji yaliyotuama kwenye vifuniko nilivyovitega chini ya ndoo. Nilivitega kwa ajili ya jirani wa ghorofa ya tatu. Mwaka wa kwanza maji yangu ya udongo yalimchuruzikia kanga zake mpya kambani, akapanda ngazi kuja kunionesha. Alikuwa na haki, nikazifua mwenyewe. Lakini kifuniko chenye maji ni nyumba ya mbu, na yule mwenye madoa meupe miguuni, mbu wa dengi, anapenda maji yaliyotuama kama hayo. Basi kila asubuhi namwaga, sirukishi hata siku moja.

Saa 2

Cherehani. Ni Januari, skuli zimefunguliwa, na sare zimenijaa mpaka juu ya kochi. Nashona, napiga pasi, nashona.

Saa 5

Leo nimeacha sare ya watu nusu. Asumini ya pembeni, ile iliyotoka kwenye kitawi nilichokata kwa mama, imekuwa ikigeuka manjano tangu wiki iliyopita. Mimi nikadhani ni njaa, nikaizidishia samadi. Asubuhi hii nilipotia kidole kilitoka na tope, na harufu ya kuoza.

Nikatandika gunia, nikailaza ndoo, nikaigonga ubavuni mpaka mti ukatoka mzimamzima. Mizizi ilikuwa imejizungusha kama kamba ya kisima na kuziba matundu yote ya chini. Maji yalikuwa yanaingia bila pa kutokea. Kumbe nilikuwa namlisha aliyekuwa anazama.

Nimekata kwa mkasi kila mzizi mweusi uliolegea, nikaacha myeupe iliyo migumu. Ndoo nimeitoboa upya kwa msumari wa moto: matundu manane, na safari hii nimeyatoboa ubavuni pia, kidole kimoja juu ya kitako, kwa sababu tundu lililokaa juu ya sakafu sawasawa haliwezi kutoa kitu.

Udongo wangu ni huu: kata mbili za udongo wa shamba, kata moja ya samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuoza na kupoa, kata moja ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Udongo wa shamba peke yake ndani ya ndoo hushikana kama tofali, na usumba unaulegeza. Ila jihadhari. Usumba wetu hutokana na makumbi yaliyofukiwa pwani, umekunywa chumvi kwa miezi. Mimi nauloweka na kuukamua mara nne au tano, maji ya mwisho nayaonja kwa ulimi. Yakiwa na chumvi, narudia.

Mwisho nimepunguza matawi kwa theluthi moja, na matumba yake yote. Mizizi iliyobaki haiwezi kubeba mti mzima. Imeniuma kuyakata, nilikuwa nayahesabia kazi ya leo jioni, vikuba vya harusi, vile vishada vya maua ya kunukia. Ndoo nimeitoa juani, itakaa mlangoni kwa siku kumi.

Saa 7

Swala, wali na mchuzi wa changu, usingizi mfupi sakafuni. Kisha sare.

Saa 10 na nusu alasiri

Hii ndiyo saa yangu. Tumba la asumini huchumwa likiwa limefumba bado, limenenepa, jeupe pe. Lile lenye ukijani halijakomaa, ukilichuma leo litanyauka bila kufunguka. Na ukingoja mpaka lichanue mtini, asubuhi umeshalikosa. Nayaweka ndani ya kitambaa kibichi juu ya ungo. Leo nimepata 143.

Mara hodi mlangoni. Ni shangazi wa bibi harusi, bi mkubwa wa Kikwajuni, na kikapu cha maua ya mkadi na langilangi kutoka shamba.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Zimetosha?"

"Za vikuba zimetosha. Za kutandaza kitandani hazifiki."

Akachungulia roshani, akanyosha kidole. "Na zile?"

"Zile za kesho."

"Si uzichume tu, zikae usiku."

"Hazitafunguka, bi mkubwa. Utamtandazia biharusi vijiti."

Amenyamaza kidogo, kisha akavua viatu na kuketi mkekani kunisaidia kutunga. Sindano nyembamba, uzi wa pamba, unapita kwenye kikonyo na si kwenye petali. Asumini, jani la mrehani, ukanda wa mkadi, asumini tena. Mikono yake ni ya haraka kuliko yangu. Amenambia siku zao asumini zilikuwa kila uani huku Ng'ambo ya mji, mtu haulizi bei, anagonga kwa jirani na kuchuma.

Magharibi

Matumba yameanza kufunguka mikononi mwetu kabla ya adhana. Chumba kizima kimejaa. Tumevifunga vikuba kwenye jani la mgomba, ameviweka kikapuni, na ngazi nimemshukia mimi nikimbebea, maana umeme ulikuwa umekatika.

Nimerudi na tochi ya simu kuhesabu za kesho. Hazizidi 60. Nimempigia mteja wa Alhamisi nikamwambia mapema, atafute za kujazia kwingine. Ile ya mlangoni nimeigusa udongo. Ina unyevu wa kutosha, sijaipa kitu.