Rozari ya simu mbili

Kuanzia Aprili 2020 hadi karibu Juni sikuweza kumwomba Mungu kwa maneno yangu mwenyewe. Nikipiga magoti, kinachonijia ni hesabu: kodi ya nyumba, unga, dawa za presha za mama. Wenzangu wakiniuliza korona niliivukaje, jibu langu huwakatisha tamaa wanaongojea ushuhuda wa muujiza. Nilivushwa na sala za kukariri, na sahani za jirani.

Nilikuwa natandika vitanda katika hoteli moja huku Mombasa. Mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa Machi 13, wageni wakaanza kukimbilia viwanja vya ndege, na kabla mwezi haujaisha tukapewa likizo bila malipo. Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 8 kaunti nzima ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Mama yuko Bura, Taita, safari ya asubuhi moja tu kwa matatu, lakini alivyokuwa mbali ungedhani yuko ng'ambo. Kanisani kulikuwa kumeshafungwa. Jumapili ya Matawi nilifunga kuti la mnazi mlangoni, nikaingia ndani nikakaa tu.

Mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikatoliki ndiye aliyesema rozari, ile sala ya kurudia Salamu Maria kwa shanga, isikome. Saa mbili usiku, kila mtu kwake, kwa simu. Shida ni kwamba WhatsApp wakati ule iliruhusu simu ya watu wanne tu kwa pamoja (baadaye mwezi huohuo wakaongeza hadi wanane), basi tukajigawa nyumba nne nne, kila nyumba imezunguka simu moja. Usiku wa kwanza ulikuwa vurugu. Huku wako Salamu Maria ya nne, kule wamefika ya saba, mtoto analia, na kuna mtu alisahau simu iko wazi akawa anagombana na mkewe juu ya sukari. Tulicheka, na mimi nilikuwa sijacheka tangu hoteli ifungwe.

Kundi letu lilikuwa na mzee mmoja mjane, mwalimu mstaafu, mwenye simu ya kabambe isiyojua intaneti ni nini. Mimi nina simu mbili. Kwa hiyo ile kubwa niliiweka kwenye rozari, na kwa ile ndogo nikampigia mzee simu ya kawaida, kisha nikazilaza zote mbili ndani ya sufuria, mdomo wa hii ukielekea sikio la ile. Sufuria ilisaidia sauti ivume. Wenzangu walinisambazia kredo ya simu ili mzee asikatike katikati. "Mtakatifu Maria, Mama wa Mungu" yake ilikuwa inafika tumeshamaliza yetu, kwa hiyo tukajifunza kumngoja. Zile sekunde za kungoja zilikuja kuwa sehemu ya sala niliyoipenda kuliko zote.

Dada yangu, ambaye ameokoka na anasali kanisa lingine, aliniambia rozari ni ile payukapayuka aliyoikataza Yesu katika Mathayo 6. Sikubishana naye sana. Nilimsomea tu Warumi 8:26, kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, lakini Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Mtu ambaye kichwa chake kimejaa deni la kodi anahitaji maneno yaliyokwisha kupangwa na waliomtangulia, ayapitishe mdomoni hata kama moyo haujafika. Wangu ulikuwa unafika kwenye tendo la tatu hivi kati ya matano ya rozari. Siku nyingine haukufika kabisa, na bado nililala.

Baada ya sala, kila mmoja alipewa jina la mtu wa kumpigia kesho yake. Mwenyekiti, mama aliyewahi kuuza samaki sokoni na anayejua watu, alitupa sharti moja: "Msimuulize mtu anaendeleaje, atawaambia mzima. Muulizeni amepika nini." Mtu akijibu "chai" leo, na kesho akajibu "chai" tena, jina lake linarudi kwa mwenyekiti kimyakimya. M-Pesa ilikuwa imeondoa ada kwa pesa zisizozidi shilingi 1,000, kwa hiyo hata mwenye hamsini aliweza kutuma hamsini yake bila kukatwa. Mimi nami nilijibu "chai" wiki moja. Kesho yake kijana wa mkokoteni akanishushia unga, maharagwe na mtungi wa maji, akaondoka bila kusema ametumwa na nani.

Ramadhani ilipoingia, mwishoni mwa Aprili, jirani yangu wa mlango wa pili akaanza kuniletea futari. Magharibi ikiadhiniwa tu nasikia "Hodi jirani!", nikifungua nakuta sahani imefunikwa kizingitini, naye ameshasogea mbali, barakoa imemshuka puani. Mbaazi za nazi, mahamri, siku nyingine kaimati. Kwa watu wa huku sahani hairudi tupu, na mimi sikuwa na kitu. Nilikuwa na matembele nyuma ya nyumba. Alikula matembele mwezi mzima yule mama, hajalalamika.

Mei 6 Mji wa Kale ukazungushiwa vizuizi, na binti yake alikuwa humo ndani, mjamzito wa miezi minane. Jioni hiyo sahani ilikuja na mwenyewe akabaki amesimama. "Jirani, nyinyi si mnasali kila usiku kwenye simu? Mtieni na huyu wangu." Nikapeleka ombi. Ilikuwa Jumatano, siku ya Matendo ya Utukufu, lakini mzee wetu, kutoka ndani ya sufuria, akasema yeye anaomba ruhusa tusali Matendo ya Furaha, kwa sababu kwenye la pili Maria anakwenda kumtembelea Elizabeti, na wote wawili wana mimba. Hakuna aliyempinga. Binti alijifungua salama hospitalini, mtoto wa kike, na bibi yake alimpakata Juni, vizuizi vilipoondolewa. Sisi tulisali, jirani mwenyewe alikuwa amekesha akisoma Yasini, sura ya Kurani. Nani alisikizwa, hatukuulizana.

Julai kaunti ikafunguliwa nikaenda Bura. Makanisa nayo yakaruhusiwa, lakini kwa masharti: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na asiingie mwenye umri chini ya miaka 13 wala aliyezidi 58. Mzee alinipigia mwenyewe, kwa kredo yake, amekasirika kweli. "Miaka arobaini nimefundisha watoto wenu katekisimu, leo naambiwa nimezidi umri wa kanisa?" Nikamwambia, mwalimu, saa mbili iko palepale. Waliorudi kanisani Jumapili ile walirudi, na usiku wake tukaingia kwenye simu kama kawaida, yeye akaongoza.