Nilivyorudi kwenye kiti cha nyuma cha daladala

Hofu ilinianza asubuhi kwenye daladala ya kwenda Kiboriloni, hapa Moshi, tumebanana. Ghafla moyo ukaenda mbio, viganja vikaloa jasho, pumzi haishuki. Niliamini kabisa nakufa. Nikampigia konda kelele, nikashuka njiani, nikakaa kwenye majani nikilia. Hospitali walipima moyo, presha na sukari, vyote vikawa sawa. Mama akasema nimefanyiwa kitu.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyonimaliza. Naishi Majengo, mitumba nauzia Kiboriloni. Nikahamia bodaboda, faida ikaishia kwenye nauli. Baadaye nikawa siendi kabisa, mabelo yanakaa ndani.

Aliyenitoa huko ni muuguzi mmoja aliyesomea unasihi, yaani ushauri nasaha. Alinieleza kuhusu amigdala, sehemu ndogo ya ubongo yenye umbo la lozi, inayopiga kengele ya hatari kabla hujapata hata muda wa kufikiri. "Dada, kila ukishuka unapata nafuu," akasema, "na ubongo unajifunza kwamba kushuka ndiko kulikokuokoa. Kesho ubongo utapiga kengele mapema zaidi." Nilinyamaza. Muda wote ule niliona kushuka ndiyo dawa yangu.

Tukachora ngazi kwenye daftari, kila hatua na alama yake ya hofu, kutoka 0 hadi 100. Aliniambia mtindo huo ulitokana na kazi ya Joseph Wolpe, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, miaka ya 1950. Kusimama stendi bila kupanda nikaipa 20. Kukaa kwenye gari linalosubiri abiria, 35. Kwenda kituo kimoja karibu na mlango, 50. Kiti cha nyuma, dirishani, gari limejaa hadi Kiboriloni: 95. Sharti lilikuwa moja: kila hatua nirudie mpaka inichoshe, na nisiondoke hofu ikiwa juu.

Stendi nilisimama siku sita. Wapiga debe wakanizoea.

Wiki ya tano nilikuwa nafika Kiboriloni, nikadhani nimemaliza. Muuguzi akauliza nabeba nini mkononi. Chupa ya maji. Sikuwa na kiu, ila bila chupa ile sipandi, na kiti changu kilikuwa kilekile cha mlangoni. Kumbe ubongo ulikuwa unaishukuru chupa, haujajifunza kwamba gari lenyewe ni salama. Kuiacha nyumbani kulikuwa kugumu kuliko hatua zote za mwanzo, nasema kweli. Siku ile nilitetemeka hadi magoti.

Desemba, watu wanaporudi nyumbani kwa Krismasi na magari hayana pa kukanyaga, nilipumzika wiki mbili. Niliporudi, hofu ilinisubiri stendi. Nililia, lakini muuguzi alishanionya: njia ya zamani kichwani haifutiki, tunatengeneza nyingine pembeni yake na kuikanyaga hadi iwe pana. Nikarudi kwenye 50. Safari hii nilipanda ngazi kwa siku nne tu.

Jumamosi iliyopita nilikaa nyuma kabisa, mama mmoja kaniwekea mkungu wa ndizi miguuni. Katikati ya safari moyo ukaanza. Sikuhesabu vituo, sikumtazama konda. Niliuacha ukimbie, nikaangalia migomba ikipita dirishani, na kabla hatujafika ulikuwa umetulia wenyewe. Nikamsaidia yule mama kushusha ndizi zake, nikaenda kufungua belo.