Nilivyokodi boti ya familia nzima kuzunguka hori ya Tudor

Sisi watu wa Mombasa maji tunayavuka kila siku, ila wanaoyatembelea ni wachache. Mimi nimezaliwa Kuze, Mji wa Kale, nimeolewa Kisauni, na daraja la Nyali nalipita asubuhi na jioni nikiwa nimebanwa ndani ya matatu, macho kwenye simu. Kwa hivyo shangazi yangu alipokuja kutoka Muscat na wanawe kwa harusi ya Januari, akasema safari hii anataka kuuona mji kwa upande wa bahari, nilijikuta sina hata nambari ya nahodha mmoja.

Zipo safari za pamoja, zile za kulipa kwa kichwa, muziki na chakula cha jioni ndani ya jahazi lililopambwa. Nzuri, lakini hazikutufaa. Kwenye msafara wetu alikuwamo mama yangu mwenye magoti mabovu, watoto wasiotulia, na wazee ambao saa ya swala haiwapiti. Tulitaka chombo chetu wenyewe, tuondoke tukitaka na turudi tukitaka. Nikaanza kuulizia.

Pale mjini ukisimama ufuoni na kuonekana unatafuta boti, bei utapewa kabla hujasema mko wangapi. Kijana mmoja alinitajia bei ya kila kichwa. Nilipokubali akakumbuka kwamba mafuta ni mbali, na nilipouliza turubai la kivuli, nalo likawa mbali. Nikamwambia asante. Aliyenisaidia ni jirani yangu muuza samaki, aliyenipeleka kwa mzee mmoja wa Mkomani ambaye amevua miaka mingi na sasa anapakia watu zaidi kuliko samaki. Nikamwamkia, nikamweleza: watu kumi na mmoja, Jumamosi alasiri, tunataka kwenda na kurudi bila haraka. Mzee hakutaja pesa. Aliuliza, "Jumamosi hiyo ni mwezi ngapi, mwanangu?"

Nilibidi nihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Ilikuwa mwezi tisa, yaani siku ya tisa tangu mwezi uandame.

"Basi si Jumamosi hiyo," akasema. "Maji mafu hayo. Alasiri yatakuwa yamepwa, nitawapitisha kwenye matope na harufu. Njooni mwezi kumi na sita."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo mpaka leo namwambia kila anayeniuliza habari za boti. Ukitaka kutembea hori ya Tudor, yaani ule mkono wa bahari unaoingia ndani nyuma ya mji, siku yako iko mikononi mwa mwezi, na mambo mengine yote unayapanga baada ya hapo. Pwani yetu siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: bahari hujaa kabla ya adhuhuri, na alasiri inakuwa imerudi chini. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Bamvua ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ndani ya hori hizo ndizo tofauti ya kupita juu ya mizizi ya mikoko au kuitazama kwa mbali kutoka kwenye mkondo wa katikati. Kwa mwezi 16 maji yangejaa karibu saa kumi na moja jioni. Tungeswali Alasiri nyumbani, tuingie botini, tupande na maji yanayojaa, tugeuke yakisimama, turudi nayo yakitoka, na Magharibi itukute nchi kavu. Binamu zangu waliozoea mambo ya ratiba za ndege walishangaa kwamba Mombasa matembezi bado hupangwa kwa mwezi wa Kiislamu, lakini shangazi hakushangaa. Babu yetu alikuwa baharia.

Siku ilipopatikana, kilichobaki ni kukagua chombo. Boti yake ni ya faiba, ina mabenchi pande zote mbili, turubai juu, na injini mbili nyuma. Ya pili, alisema, ni ya kumfanya mkewe alale usingizi. Niliomba kuona cheti. Chombo kinachobeba abiria Kenya lazima kikaguliwe na Kenya Maritime Authority, na idadi ya watu kinaoruhusiwa kubeba huandikwa. Baadhi ya manahodha hununa ukiuliza. Huyu alikitoa chini ya kiti kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni mgumu, akanionyesha na idadi: tulikuwa chini yake. Kisha nikaomba makoti ya kuokolea yaletwe tuyajaribu mapema, maana ya watoto huwa hayapo mpaka uyadai. Ilikuwa vyema, kwa sababu mawili ya wadogo hayakuwapo, akaenda kuazima. Shangazi yeye alikataa katakata kuvaa lake mpaka alipoona linaingia vizuri juu ya buibui.

Bei tulipatana shilingi 15,000 kwa chombo kizima, kwa muda wa saa tatu, mafuta na vijana wake wawili ndani yake. Nililipa nusu kwanza na nusu baadaye. Usikubali hesabu ya kichwa kama umekodi boti nzima, na neno mafuta litajwe kwa sauti mbele ya watu. Desemba, wageni wakijaa, bei ni nyingine kabisa.

Lililonisumbua zaidi ya pesa ni mama kupanda na kushuka. Upande wa Mji wa Kale ngazi zipo, lakini zimeota mwani na zinateleza hata kwa kijana. Tukachagua kupandia ng'ambo, upande wa Nyali, kwenye gati linaloelea ambalo hupanda na kushuka pamoja na maji, kwa hivyo ukingo wa boti na gati huwa sawa wakati wote. Lakini daraja la kukufikisha kwenye gati halielei lote: maji yakijaa huwa kama sakafu, yakipwa linakuwa mteremko. Nahodha alinifahamisha hilo kabla sijaliona. Akasema turudi si zaidi ya saa mbili baada ya maji kujaa, kwani kufikia hapo bahari itakuwa imeshuka karibu mita moja tu na mama ataweza kupanda bila kubebwa. Mama alisema hata akibebwa haoni ubaya.

Chakula tulijibebea: mahamri, viazi vya karai, kaimati, kahawa chungu kwenye chupa na juisi ya ukwaju. Vyote kwenye vikapu na vyombo vya kurudishwa, kwani mifuko ya plastiki Kenya ilipigwa marufuku tangu 2017, na watoto waliambiwa kitakachotupwa majini watakifuata wenyewe.

Tulianza kwa kushuka kidogo, kuelekea mlangoni mwa hori, ili tuone Ngome kutoka chini. Fort Jesus ukiwa barabarani ni jengo la kununulia tikiti. Ukiwa majini unaelewa Wareno walikuwa wanafikiria nini mwaka 1593: mwamba wa matumbawe umepanda kutoka baharini na kuta zimeendelea pale mwamba ulipoishia, na hakuna chombo kingeingia bandarini bila kupita chini ya mizinga ile. Nahodha alizima injini moja na kutuonyesha mahali ilipozama Santo António de Tanná mwaka 1697, meli iliyokuja kuwaokoa Wareno waliozingirwa. Wapiga mbizi waliichunguza miaka ya 1977 hadi 1980, na vitu walivyoibua viko ndani ya makumbusho ya Ngome. Mzingiro ule wa Waomani ulianza 1696 na Ngome ikaanguka 1698.

"Ndipo tukaichukua," akasema shangazi, akijivuta ushungi.

"Mkaichukua kina nani, wifi?" mama akamjibu. "Wewe si tumekuzika kitovu Kuze?"

Boti nzima ilicheka, na nahodha naye, ingawa yeye alijifanya anatazama injini.

Kisha tukageuka na maji yakatubeba. Mji wa Kale ulipita kushoto kwetu polepole: nyumba za mawe zilizoegemeana, roshani za mbao, nguo zimeanikwa, na vijana wakijirusha kutoka kwenye ukuta mbele ya Bandari ya Kale. Majahazi yalikuwa machache na injini zimeshachukua nafasi ya matanga. Shangazi anakumbuka yalivyokuwa yakijazana wakati wa kaskazi, yakisubiri kusi iwarudishe Uarabuni na mzigo wa boriti. Hapa alisema jambo nililokuwa silijui. Nyumba ya wakwe zake wa zamani, huko Matrah, Muscat, dari yake ni ya boriti za mikoko kutoka pwani yetu, na vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu hiyo hiyo vilivyo vyembamba vya Kuze: mti hauzidi urefu wake, na chumba hakiwezi kuuzidi mti. Kenya ilizuia kusafirisha boriti nje mwaka 1982. Wanawe walipiga picha za majahazi, yeye akawa anahesabu nyumba akitafuta baraza ya rafiki yake.

Chini ya daraja la Nyali sauti hubadilika. Magari hunguruma juu ya kichwa na maji, yakibanwa pale, hukimbia. Daraja hili ni la 1980. Kabla yake kulikuwa na lile lililoelea, la tangu 1931, ambalo mama aliwahi kulivuka kwa miguu akishika mkono wa babake na anasema lilikuwa likiyumba. Foleni ya saa kumi na nusu ilikuwa imesimama juu yetu. Nilikiri moyoni nilifurahi kuliko inavyostahili.

Baada ya daraja hori hufunguka. Tudor kushoto, Kongowea na Kisauni kulia, na mbele mikoko hadi Mikindani na Jomvu. Nisidanganye mtu: si kila mahali ni picha. Kuna kona ambapo maji machafu ya mitaa huingia moja kwa moja, na harufu utaisikia hata bamvua ikiwa imejaa. Kuna pia mkondo mmoja ambao moshi ulikuwa ukipanda katikati ya miti, na nahodha akaukwepa bila kutuambia sababu. Watu wazima walielewa kule kuna mapipa ya kupikia pombe gani. Lakini ukishapita hapo ni raha. Aina za mikoko zimejipanga: mlilana umesimama mbele, miguu ndani ya maji, mkoko wenyewe nyuma yake na mizizi iliyopinda, mchu nyuma zaidi karibu na nchi kavu. Yangeyange walikuwa wameanza kurudi kulala, mti mzima ukawa mweupe. Mwana wa dadangu aliona kaa wamepanda mashina kukimbia maji, akakataa kuangalia kitu kingine tena.

Nahodha alituonyesha upande ambao mito ya Kombeni na Tsalu huingilia. Njia hii ndiyo waliyopita kwa mashua wamisionari Krapf na Rebmann walipokwenda kufungua misheni yao Rabai mwaka 1846, na kabla yao na baada yao Wamijikenda wakishuka na mazao yao kuja kuuza kisiwani. Tungependa kufika mbali zaidi. Lakini maji yalikuwa yamesimama, jani lililoanguka likawa haliendi mbele wala nyuma, tukanywa kahawa, na kabla kikombe cha pili hakijamiminwa mzee akawasha injini.

"Bado mapema, Nahodha," binamu yangu akamwambia.

"Mapema kwako, bwana. Tukichelewa humu leo tutakuwa wageni wa kaa."

Kurudi kulikuwa kwepesi, jua mgongoni, kuta za Kisauni zimegeuka rangi ya chungwa. Upepo wa kaskazi ulikuwa umechangamka, na ulipokutana na mkondo karibu na daraja boti ilitikisika kidogo. Ndipo shangazi akalikubali koti lake kwa moyo safi. Binamu alikuwa amekuja na droni yake, ikabaki sandukuni, kwani ukiirusha Kenya bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga unajitafutia kesi, tena karibu na bandari. Tulifika gatini mteremko ukiwa mdogo bado. Mama alipanda taratibu, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine kwenye bega langu, na adhana ikamkuta ameshakaa.

Salio nilituma kwa M-Pesa pale pale, na vijana wawili tukawapa chao mkononi. Binamu hakutosheka. Alitaka kesho yake mzee atuzungushe upande wa pili wa kisiwa, Kilindini, aone meli za makontena. Mzee akamwambia huko ni njia ya meli kubwa na feri, eneo la bandari lina ulinzi wake, na boti ndogo ya abiria haina shughuli katikati yao. "Ukitaka kuona meli," akasema, "nenda Likoni upande feri. Kwa mwenda kwa miguu ni bure." Tulikwenda Jumanne, tukavuka na kurudi, na watoto wakasema hii ndiyo iliyokuwa nzuri zaidi.