Return inatoka mapema, kumbe ni nafasi tu

Jamani imekubali! Nina fankisheni (kipande cha kodi chenye kazi yake) ya Python, lugha ya programu, inatafuta namba kwenye listi ya listi, lupu (kodi inayojirudia) ndani ya lupu, ikiipata itoke. Nikaweka break, amri ya kukata lupu, wapi, inakata lupu ya ndani tu, ya nje inaendelea kuzunguka. Nikahamia return, amri ya kurudisha jibu, hiyo inakata lupu zote na fankisheni yenyewe papo hapo, ila sasa inanipa False (yaani haipo) hata kama namba ipo, inaangalia ya kwanza tu basi. Kumbe return False nimeichomeka kwenye else ya if, yaani ile sehemu ya "kama siyo", kwa hiyo namba ya kwanza isipolingana inatoka hapo hapo! Nikaifuta hiyo else, nikaisogeza return False kushoto toka nafasi 16 za mwanzo wa mstari hadi 4, ilingane na for (lupu) ya nje kabisa, isubiri lupu ziishe kwanza. Return True nikaiacha ndani ya if. Nikairan, yaani nikaiendesha, True safi, aisee masaa mawili yote hayo.