Moja au mbili?

Wiki hii tumemzika mjomba Bagamoyo na barua yangu ya uhamisho wa Temeke imetoka, lakini kinachoninyima usingizi ni swali la fundi bomba.

Jumamosi nilimpeleka ile nyumba ya Sinza tuliyoinunua. Akazunguka kimya, akarudi jikoni.

"Mama Neema, ulipokuja kuiangalia ulifungua bomba?"

"Nilifungua."

"Moja au mbili?"

Moja. La jikoni. Maji yakatoka, nikalipa. Yeye akafungua la jikoni na la bafuni kwa pamoja. La bafuni likakohoa, likatema maji ya rangi ya chai, likanyamaza. Nyumba ni ya vile viwanja vya mradi wa miaka ya 1970, na mabomba ya chuma ni yaleyale, yamo ndani ya ukuta. Akakata kipande nyuma ya choo, akanipa nishike. Kwa nje bomba zima, ndani kutu imejaa mpaka penseli haipiti.

Moja au mbili. Nimelisikia kwenye daladala, nimelisikia hadi makaburini, Mungu anisamehe. Na hakusema kwa dharau, ndiyo maana linauma. Baba Neema anataka tubadili ya bafuni tu, mpangaji aingie tarehe 1 na kodi yake ya miezi 6. Fundi kakataa: ukibadili nusu, nusu iliyobaki ni kutu ileile, itakuja kukusumbua. Nimemsikiliza fundi. Soketi nazo, fundi umeme kafungua moja akakuta waya mbili tu, tundu la tatu ni pambo. Friji ya mtu, pasi ya mtu, na athi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, hakuna! Hapo hatukubishana, zinavutwa upya zote.

Jana usiku ndipo nikakumbuka ndoo. Bafuni kwa yule bibi aliyetuuzia kulikuwa na ndoo tatu zimejaa, zimefunikwa, kopo juu ya kila moja. Nikamsifia usafi. Akatabasamu: "Nimeshazoea, mwanangu." Nilicheka peke yangu gizani mpaka Baba Neema akageuka kuuliza kuna nini. Bibi wa watu alikuwa amenionyesha kila kitu, mimi nikatazama mifuniko.

Kile kipande cha bomba nimekiweka dirishani, sijui cha kazi gani.

Neema naye tangu Jumatano akirudi shule analala kabla ya kula, viatu miguuni. Homa hana. Nimempima mara mbili.